Sufuria Nyeupe Haisuguliwi na Muchanga

Sina uranium. Nianze na hapo, tusipotezeane wakati. Sina chini ya kitanda, sina juu mu plafond ya nyumba, sina mu shimo la nyuma ya choo, pale kijana mumoja wa Misisi alikuja kuchungulia akisema anatafuta kuku yake. Kuku gani inatoka Misisi mpaka Baraka na barabara ile? Hata moto, zile pikipiki, zinafika hapa zinakohoa.

Tangu nirudie Baraka bananiletea mawe. Jiwe nzito, uranium. Jiwe nyeusi, uranium. Mumoja alinifungulia kitambaa mara saba, polepole, sawa muntu anafunua katoto kamelala, na ndani kulikuwa kipande cha injini ya moto. "Koko, we ulifanya nayo kazi ku Ulaya. Tuangalilie tu." Nikaangalia. Nikamwambia: chuma. Akaondoka amenuna, na kesho yake nikasikia ku soko kwamba ule Koko, ule bibi muzee wa uranium, anajifichia mali peke yake.

Basi naandika, munisome ninyi wenyewe. Naandikia ninyi vijana munaosoma chimie, ile kemia, ku école na kuona kwamba muntu akikosa diplôme amekosa na kichwa. Mi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, halafu vita ikaketi pahali pangu. Mujukuu wangu Riziki, anayekwenda kusomea hiyo chimie, njo alininunulia hii cahier, hili daftari. Makosa ya kuandika muhesabie yeye.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo. Miaka kumi na saba, mu labo, maabara moja ya Ufaransa. Tulivuka ziwa tukikimbia, tukakaa kambini ng'ambo kule, halafu bakatutuma ku nchi ya baridi: mi, bwana wangu, na Petro. Petro ni pacha. Ndugu yake Paulo alibaki mu udongo wa kambi akiwa na miaka mbili. Lakini ukiniuliza niko na batoto bangapi, nitakwambia babili, na usinisahihishe. Huku kwetu mwanamuke akizaa mapasa jina lake la zamani linakufa siku ile ile. Anakuwa Mama Mapasa mpaka kaburini, hata mukubwa wa muji anamuita vile. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi bakaniuliza jina, nami nikasema lile ninalo: Mama Mapasa. Bakaandika ku karatasi ya kuvaa kifuani: MADAME MAPASA. Miaka yote hakuna hata musomi mumoja aliyeuliza ni jina gani. Balikuwa bantu ba kuuliza uranium mambo yake yote, lakini muntu anayepita na ndoo, mara moja hapana.

Aliyenifundisha ni muzee Armand, fundi wa labo, mwenye masharubu ya njano kwa sababu ya tumbako. Somo lake la kwanza lilikuwa maneno mawili: "Kioo, hapana."

"Kwa nini?"

"Utaona."

Akatwaa glasi ya zamani, akaweka ndani tone la ile asidi yao, acide ya fluor, akafunga kabati lenye kuvuta moshi, akaniita kisha ya chakula. Ile glasi ilikuwa imeingia ukungu sawa jicho la muzee. Acide ilikuwa imeikula! Acide zingine zote zinakaa mu chupa ya kioo na adabu yao. Hii inakula chupa. Armand akasema: "Ku ngozi haichomi mara moja, njo uhaini wake. Inapita kimya, inaenda kutafuta mufupa. Ukisikia maumivu, imekwisha fika nyumbani." Kwa hiyo gants za kuvaa mukononi mbili mbili, na tube ya dawa ya kupaka ilining'inia ku mulango, mi nilikuwa naigusa kila asubuhi sawa Bakatoliki na maji ya baraka.

Ninyi munaogopa uranium. Ile yetu ilikuwa imepunguzwa makali, ilikuwa inalala mu chupa yake sawa muzee ku kiti. Mwenye kuuma alikuwa fluor. Ndugu zake bako mu dawa yenu ya meno, musishangae, kila ukoo uko na mwenye adabu na mwenye kisu. Ukiwaoza hao babili, fluor na uranium, unapata batoto ba kila tabia. Kuna mumoja mweupe anayekaa mu chupa ya chuma: ukimupasha moto anaruka toka jiwe mpaka hewa bila kupita ku maji, sawa nafutali ya kufukuza wadudu mu valise ya nguo, na akikutana na unyevu anatoa moshi kwa hasira. Huyo niliachia benyewe. Kuna mwingine wa kijani, kijani ya sombe, majani ya muhogo, kabla ya kutwangwa. Huyo njo nilimujua, na habari yangu yote ni yake.

Sasa musikilize vile inapikwa. Unaweka ile poda ya kijani, na acide, na maji kidogo, na vitu vingine Elise alikuwa anapima na mizani yenye kutetemeka hata ukipiga chafya. Elise nitawaambia yeye ni nani. Unaweka vyote mu sufuria ndogo nyeupe ya plastiki nzito, ile yenye chakula haishikani nayo. Acide haiiwezi. Ile nyeupe unaingiza mu sufuria ya chuma, unafunga na vis, skrubu, mpaka mikono ikuume, unatia mu foro. Moto siku tatu. Halafu kushuka, siku kumi. Kushuka, batoto, njo kupika kwenyewe. Ukizima moto mara moja unapata unga. Ukishusha pole, kila chembe inapata wakati wa kutafuta jirani yake na kukaa vizuri, na unafungua unakuta kristali: vipande vyenye kona na nyuso laini, sawa chumvi ya mawe, lakini kijani, na kidogo kuliko mbegu ya muchicha, lengalenga.

Na juu ya nini kutafuta kristali, unga hautoshi? Nilimuuliza Elise hivyo. Alikuwa binti mwembamba anayeandika kitabu chake cha doktora, na yeye peke yake mule mulikuwa ananijibu sawa muntu. Akaniambia: ukipitisha mwangaza fulani mu kristali moja safi, inakuonyesha namna bote bamekaa ndani. Uranium iko katikati, fluor zimeizunguka nane, tisa. Nikasema, "Sawa batoto ku sinia ya bukari, ugali wetu." Akacheka. Akasema ndiyo, na kuna fluor zingine zimeweka mukono mumoja ku sinia yao na mukono wa pili ku sinia ya jirani, na hizo njo zinashikanisha sinia zote isikuwe unga. Nikafurahi sana. Mu Baraka yote hakuna muntu aliwahi kusifia mulafi namna hiyo.

Sasa kosa langu. Ninalisema mi mwenyewe kabla Petro hajawaambia, yeye anaongeza chumvi.

Zile sufuria nyeupe zilikuwa zinashika madoa. Njano kidogo, kijani kidogo. Armand alikuwa anaziosha na acide dhaifu, na maji, na kitambaa laini, halafu anaziacha na doa lake. "Doa si uchafu," alisema. Vizuri. Lakini Armand akaenda pensheni, na mi nikabaki na zile sufuria ziniangalie. Ninyi munajua kwetu. Asubuhi bamama bako ku ziwa na muchanga na majani, sufuria inasuguliwa chini mpaka unaona meno yako. Muke wa muntu anajulikana ku sufuria. Bibi-arusi akija, bamama-mukwe habaangalii uso, banageuza sufuria. Na mi, Mama Mapasa, niweke mu kabati ya bazungu chombo chenye doa na jina langu kifuani?

Siku ya yenga, jumapili, nikaenda ku muto ya ule muji, nikachota muchanga laini mu sachet ya plastiki. Kuanzia juma lile nikasugua. Kuzunguka, kuzunguka, vile mama yangu alinifundisha, toka katikati kwenda inje. Madoa yakakimbia. Sufuria zikang'aa sawa meno ya bwana-arusi. Chef, mukubwa wa labo, akapita, akasema, "Ah, Madame Mapasa, ni safi!" Nikatembea juma nzima na shingo ndefu.

Juma mbili zikapita, na Elise akaanza kukosa.

Zamani sufuria yake ilikuwa inazaa kristali tano, sita, nzuri. Sasa anafungua, ni unga na vikristali vidogo vimeshikana sawa ndakala, vile vidagaa, mu chumvi. Akabadilisha moto. Akabadilisha poda. Akashusha siku kumi na tano pahali pa kumi. Unga. Chef akamwambia mbele ya bote kwamba mikono yake haina subira. Miezi tatu vile. Contrat yake, mukataba wa kazi, ilikuwa inaisha na mwisho wa mwezi, na bila ile picha ya ndani kitabu kilikuwa na kichwa na mikia, tumbo hakuna. Ile mashini ya mwangaza alikuwa amepewa siku moja tu, ijumaa. Akiikosa, anarudi kwao na miaka ine ya bure. Nilimukuta mu couloir, njia ya kati ya vyumba, analia amegeukia ukuta. Nikamupa kitambaa changu. Nikamwambia Mungu anajua. Mungu alikuwa anajua kweli, mi ndiye nilikuwa bado.

Jumatano, ijumaa ile ikiwa imebaki siku mbili, Elise akageuza sufuria ku mwangaza wa dirisha, akaniita. Si kwa kunishitaki, hapana, alikuwa hana muntu mwingine wa kuonyesha.

"Madame Mapasa, njoo uone kitu cha ajabu. Angalia vile zinaota."

Nikaangalia na lupu, kile kioo cha kukuza. Vikristali vilikuwa vimepanga mustari. Mustari ilikuwa inazunguka. Kuzunguka, kuzunguka, toka katikati kwenda inje.

Batoto, kuna muntu anaona uso wake mu kioo. Mi niliona mukono wangu. Ulikuwa pale, kijani, umeota.

Elise alikuwa anasema, "Kristali inapenda pahali penye mukwaruzo. Chembe ya kwanza inashika pale, zingine zinafuata. Mikwaruzo mingi, kristali mingi, hakuna inayokua. Lakini nani atakwaruza hii? Ni sawa mashini imepita."

Nikanyamaza. Nawaambia kweli, nilinyamaza mpaka saa ya kula. Kazi yangu ilikuwa ya mwaka mumoja mumoja. Karatasi za kukaa mu ile nchi zilikuwa zimefungwa ku kazi, na Petro alikuwa ku école yao, amekwisha kujua kukasirika kwa Kifaransa. Na hakuna aliyeniuliza! Nani atauliza ndoo? Ningeweza kutupa ile sachet, kusema pole tena, na Elise angekwenda kwao akiamini mikono yake ni mubaya. Kitu kilichoniuma ni hicho cha mikono. Mutoto wa muntu anaambiwa mikono yake mubaya, na mikono mubaya ni yangu.

Kisha ya kula nikaenda na sachet yangu ya muchanga, nikaiweka ku meza yake.

"Ni nini hii?"

"Ni mashini yako."

Akaangalia sachet. Akaangalia sufuria. Akatwaa mukono wangu, akaugeuza sawa bamama-mukwe na chombo.

"Ulisugua? Na muchanga?"

"Ilikuwa na madoa."

"Miezi tatu?"

"Kila alhamisi. Na yenga nilikuwa naongeza muchanga mupya."

Nilingoja apige kelele. Akacheka, kicheko kibaya, cha muntu ameanguka na bado hajajua amevunjika wapi. Akasema, "Hata hiyo acide inakula muchanga, unajua? Ulikuwa unaipa chakula." Halafu akasema polepole, "Kumbe si mi." Akarudia mara ya pili. "Kumbe si mi."

Nikamwambia nakwenda kwa chef kumuambia. Akanizuia: "Utaenda, na mi nitakuja pamoja nawe, lakini ijumaa ikishapita. Leo ni jumatano. Nisaidie kutafuta."

Hakukuwa na wakati wa kupika tena. Siku kumi za kushuka tungezitoa wapi? Kulikuwa tu ile sufuria ya mwisho. Tukakaa babili, yeye ku mikroskopu, mi na sindano namusogezea punje moja moja mu mafuta yenye kuzikinga na hewa. Mikono ya kuchagua mawe mu muchele haikosi. Yeye anasema: unga. Unga. Zimeshikana. Unga. Mpaka ikakuja moja kubwa, safi, ilikuwa imejikalia peke yake ku mudomo wa sufuria, pale muchanga wangu haukufika vizuri. Nikaona bega zake zinapanda.

Halafu akazungusha ile meza ndogo ya mikroskopu, na bega zikashuka.

"Angalia, Madame Mapasa. Kristali nzuri, ukiizungusha, inazima yote pamoja. Hii, nusu inazima, nusu inawaka."

Nikaangalia. Kweli. Nusu ilikuwa imefunga macho, nusu ilikuwa inaniangalia. Akazungusha, zikabadilishana.

"Ni mbili zimeota pamoja, zimeshikana mugongo," akasema. "Mapacha. Haifai. Picha ya moja inaharibu ya pili." Na akatwaa kijiti cha kuitupa.

Nikamushika mukono. Batoto, mi muosha vyombo, juma la kosa langu, nikamushika doktora mukono.

"Unatupa mapasa?"

"Ninatupa nini?"

"Mapasa. Bale babili ba tumbo moja."

Akaniangalia kifuani, ku ile karatasi. Akasoma jina langu sawa ni mara ya kwanza kujifunza kusoma. "Mapasa... ni mapacha? Si jina la ukoo wako?"

"Ni kazi niliyofanya siku moja, na bakanipa cheo."

"Uko na mapacha? Namujua Petro tu."

"Petro na Paulo. Paulo tulimuacha ng'ambo ya ziwa."

Hakusema pole. Nilimupenda kwa hiyo. Aliweka kijiti chini.

Nikamwambia vile inafanywa kwetu. Ukikuta mapasa husalimie mumoja. Ukimupa mumoja muhogo na mwenzake hapana, bote babili banagonjwa, na wewe ndio umebaroga. Unasalimia huyu, unasalimia yule, kila muntu na jina lake, hata kama mumoja yuko mukubwa na mwingine ni kadogo sawa panya. Hata kama mumoja hayuko tena, unaweka kipande chake ku sahani. "We unazipiga picha ukitaka zijibu sauti moja," nikasema. "Hazitajibu. Zisalimie mbili."

Sasa musije kusema Koko alivumbua kitu. Mashini zao zilikuwa na njia ya kuhesabu mapacha, Elise aliijua toka vitabu; ni kazi ndefu, yenye kichwa kuuma, na chef hakuipenda, alikuwa anasema kristali ya mapacha ni kristali ya muvivu. Mi nilichofanya ni kuzuia kijiti. Lakini bila mukono ule, kijiti kingekuwa kimekwisha kutupa.

Ijumaa akaingia ku mashini na mapasa yetu yamegandishwa ku ncha ya sindano. Jumatatu alikuja na macho mekundu, nywele za muntu aliyesahau kichwa, akaweka karatasi mbele yangu. Sinia zilikuwa pale! Uranium katikati, fluor zimeizunguka, na zile lafi zenye mikono ku sinia mbili. Mara mbili: sinia za huyu zimeelekea huku, sinia za yule zimeelekea kule, na pale katikati zinakutana mugongo kwa mugongo bila kugombana.

Siku ile ile tukaenda kwa chef, tukamuambia ya muchanga. Alinipa onyo la kuandikwa, na kisha ya onyo alinipa katoni ya vitambaa laini. Elise alipata doktora. Mi nilipata vitambaa. Usiniulize nani alifaidi; vile vitambaa niko navyo mpaka leo, kimoja kinafuta simu yangu.

Na zile sufuria? Zilitupwa zote kumi na mbili, mu pipa la vitu vyenye sumu, na kibandiko. Sijawahi kuzika vyombo safi namna ile.

Miaka ikapita, bwana wangu akafa, Petro akachoka na baridi, akarudi kuuza samaki Kazimia, nami nikafuata. Kitabu cha Elise kilinifikia hapa Baraka mu bahasha imelowana. Nilikiweka mu valise na nafutali. Juma lililopita Riziki alikitoa, akaketi ku mulango, akasoma na kidole, sawa mukubwa. Mi nilikuwa nasugua sufuria ya bukari, na muchanga, ndiyo, hii ni ya aluminium, haina haya.

"Koko, hapa ku picha kuna vipande mbili. Kitabu chote banaandika vipande moja na mbili, na hapa tu bameandika P1 na P2. P ni ya nini?"

"Ni baba yako na ndugu yake."

Akaangalia karatasi, akaniangalia.

"Baba ni uranium?"

"Nusu."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akarudi ku kitabu, akapima na kidole. "Lakini P2 iko kadogo tu, Koko. Karibu yote ni P1."

"Kadogo, ndiyo," nikamwambia. "Soma vizuri. Bamekahesabu."